Bledi ya kukatia kuni: sawazisha meno kwanza, makali yatafuata

Kazi yangu ni kukata kuni hapa Jomvu, Mombasa, na kwa kuwa ammi yangu alinifunza tupa mapema, wenzangu wa Mikindani, Miritini na hata ng'ambo ya Likoni huniletea bledi zao, zile sahani za chuma zenye meno zinazozunguka kwenye mashine, niwanolee. Karibu zote zaja na maradhi mamoja. Mwenyewe amechukua grainda, akagusa ncha ya kila jino mpaka ikang'aa, akaifunga tena kwenye mashine. Siku ya kwanza inakata. Siku chache baadaye kuni zinatoka na alama nyeusi za moto, gogo linarukaruka, injini inalemewa, na bledi inaacha mstari na kwenda upande. Hapo ndipo inapofika kwangu, pamoja na maneno kwamba chuma cha siku hizi hakifai.

Mara nyingi chuma hakina kosa. Meno hayalingani. Chukua bledi ya milimita 600 yenye meno 56, kama iliyo kwenye mashine yangu. Meno kumi yakiyazidi mengine kwa urefu, hayo kumi ndiyo yanayokata na yale 46 yanapita juu juu yakisugua. Yale kumi yatapoteza makali upesi, na kusugua kwa mengine ndiko kunakoleta moto. Tena, kwa kuwa meno hupindwa moja kulia, moja kushoto, yale ya kulia yakizidi mpindo wa yale ya kushoto, njia ya msumeno itapanuka kulia na bledi itavutwa huko huko, hata uinoe mpaka inyoe ndevu. Kwa hiyo katika maelezo haya ukali utakuja mwisho. Kabla yake kuna kusawazisha urefu, kisha kusawazisha mpindo, na hapo ndipo pana kazi yenyewe.

Nazungumzia bledi ya chuma kitupu, ile inayokubali tupa. Zipo zenye vipande vidogo vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, vilivyounganishwa kwenye ncha. Hizo hazipindwi meno, na tupa haiziwezi, zataka jiwe la almasi. Ukijaribu tupa kwenye jino ikateleza bila kushika, simama hapo hapo, usiharibu tupa.

Kabla ya kushika spana

Chomoa plagi ukutani na uiweke mahali unapoiona. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana stima hupotea na kurudi wakati wowote, na mteja aliyesimama karibu anaweza kubonyeza asichokijua. Kama mashine yako yaendeshwa na injini ya dizeli, toa belti kabisa.

Nasisitiza hili kwa sababu ya kasi. Mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) kwenye stima yetu ya hezi 50 huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Bledi ya milimita 600 ikifungwa kwenye mota hiyo moja kwa moja, ncha ya jino inakwenda mita 45 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Kipande cha jino kikikatika kwa kasi hiyo hakuna wa kukikwepa. Ndiyo maana kwenye bledi huandikwa idadi ya mizunguko isiyoruhusiwa kuzidishwa, na anayebadilisha puli bila kuisoma namba hiyo anahatarisha kila mtu aliye karibu. Kinga ya juu ya bledi nayo si pambo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inadai sehemu za mashine zenye hatari zifunikwe, na mimi hata sheria isingekuwepo ningeifunga.

Vifaa si vingi: jiliwa imara, tupa bapa ya inchi 8 au 10 yenye kingo za mviringo, tupa mviringo, jiwe la kunolea, brashi ya waya, mafuta ya taa, chaki, kalamu ya wino mzito, glavu nene za ngozi na miwani ya kazi. Usibane pesa kwenye tupa. Tupa hafifu huisha meno kabla hujamaliza nusu ya duara, halafu nusu ya pili ya bledi hupata noa tofauti na ya kwanza, na hapo usawa wote umepotea.

Urefu wa meno

Piga alama ya chaki juu kabisa ya bledi na nyingine kwenye shafti, zitazamane. Tundu la bledi lazima liwe pana kidogo kuliko shafti, ama sivyo haliingii. Ukiifunga bledi kila mara pahali pale pale, duara unalolitengeneza leo litakuwa duara na kesho. Ukiifunga ovyo, upande mmoja utachomoza na utakuwa umefanya kazi ya bure.

Sasa bledi ikiwa bado iko kwenye shafti, na plagi imechomolewa, funga jiwe la kunolea kwa klampu juu ya kipande cha mbao kwenye meza ya mashine. Lisogeze mpaka liguse jino refu kuliko yote, kwa wepesi. Zungusha bledi kwa mkono, ukishika puli wala si meno, na uizungushe kinyume na inavyokata ili meno yapite kwenye jiwe kwa mgongo. Sikiliza. Jino refu litalia, fupi litapita kimya. Sogeza jiwe kidogo sana, zungusha tena, mpaka karibu meno yote yawe yanalia kwa sauti moja.

Kila jino lililoguswa litabaki na kibapa kidogo kinachong'aa nchani. Jino lililokuwa refu lina kibapa kikubwa, lililokuwa fupi lina kidogo kama nukta. Vibapa hivyo ndivyo vitakavyokuongoza wakati wa tupa, kwa hiyo usivifute mapema. Kama kuna jino moja lililovunjika chini sana kwa msumari, liache lilivyo. Ukitaka kuyashusha mengine yote yalifuate utakula uhai wa bledi nzima kwa ajili ya jino moja.

Wapo wanaofanya kazi hii mashine ikiwa inazunguka, jiwe wamelishika mkononi. Mimi siruhusu jambo hilo kibandani kwangu wala simfunzi mtu.

Kufungua nati, kumbuka hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea upande ule ule bledi inakozunguka ikikata. Imetengenezwa hivyo makusudi ili kazi yenyewe iwe inaikaza. Zuia bledi kwa kipande cha ubao, usiizuie kwa mkono.

Usafi na nyufa

Utomvu wa mwembe na mkanju huganda kwenye bledi ukawa ngozi nyeusi. Wengi huupuuza kwa kuwa haugusi makali. Lakini kipimo cha mpindo nitakachokieleza hukaa juu ya uso wa bledi, na ngozi ile ikiwa nene kidogo tu, kipimo kitakudanganya kwenye meno yote. Paka mafuta ya taa, acha yaingie, sugua kwa brashi ya waya, futa kwa kitambaa mpaka kitoke kisafi. Safisha vilevile sahani mbili zinazoibana bledi kwenye shafti. Chembe ya mchanga ikibaki hapo, bledi itayumba ukingoni, na utakuja kuyalaumu meno.

Tumia mafuta yale yale kutafuta nyufa. Baada ya kufuta bledi ikauka, paka chaki kwenye mabonde yote, pale chini baina ya jino na jino, pande zote mbili. Subiri kidogo. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari wa majimaji kwenye chaki. Kisha ning'iniza bledi kwa tundu lake kwenye kijiti na uigonge kwa mpini wa mbao. Nzima hulia kwa sauti safi inayokaa, yenye ufa hukata sauti upesi.

Bledi yenye ufa imekwisha kazi. Usiipeleke kwa mchomeleaji. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma pale na hupoteza ile mikazo ambayo kiwandani bledi ilipigwa nyundo ili isimame wima ikizunguka. Bledi iliyochomelewa inaweza kuonekana nzima mezani na ikapasuka kwenye gogo. Nimeona mtu akiuziwa bledi kuukuu ambayo ufa wake ulifunikwa kwa rangi, kwa hivyo bledi ya mkono wa pili nailetea chaki na mafuta ya taa palepale kwa muuzaji kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mabonde

Hapa sitakaa sana. Kila unaponoa, jino linafupika na bonde linapungua kina, mpaka unga wa mbao unakosa pa kukaa. Chora duara jepesi kupitia chini ya mabonde ukipima kutoka katikati ya tundu, kisha yachimbe yote yafike kwenye mstari huo kwa tupa mviringo. Sakafu ya bonde iwe ya mviringo siku zote. Kona kali chini ya bonde ndipo ufa unapozaliwa, na ndiyo sababu nilitaka tupa bapa yenye kingo za mviringo.

Ukitumia grainda kwa kazi hii, gusa na uondoke, nenda bonde la pili, la tatu, zunguka bledi nzima mara nyingi badala ya kulimaliza bonde moja kwa mara moja. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya samawati, umeshakipikisha. Jino lile litakuwa limebadilika ugumu, halitakaa na makali tena kama wenzake, na litavuruga mzunguko wote.

Kupinda meno

Meno hupindwa moja kulia, moja kushoto, ili njia ya msumeno iwe pana kuliko unene wa bledi. Bila hivyo bledi ingebanwa na mti na kushika moto. Kwa bledi nene ya milimita 3, mimi napinda kila jino baina ya milimita 0.6 na 0.8 kutoka usoni. Mpindo mkubwa zaidi ya huo unakula mota na kufanya kuni kuwa vumbi bure. Muhimu zaidi kuliko kipimo chenyewe ni kwamba meno yote 56 yawe nacho sawasawa.

Hupindi jino zima. Ni theluthi yake ya juu tu. Ukilipinda kutoka kwenye shina unalilazimisha chini, karibu na bonde, palepale penye hatari ya ufa.

Koleo nyingi za kupindia meno zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa misumeno ya mkono ya maseremala, haziwezi bledi nene. Natumia chuma bapa cha unene wa milimita 6, urefu wa shibiri moja na nusu hivi, kilichokatwa mkato mwembamba mwishoni. Upana wa mkato unaipokea bledi bila kucheza sana, na kina chake ni theluthi ya urefu wa jino. Kina hicho ndicho kinachonilinda. Jino likiingia mpaka chini ya mkato, najua litapindika pahali panapotakiwa, hata jioni macho yamechoka.

Bana bledi baina ya mbao mbili nene kwenye jiliwa. Mbao ziwe zimekatwa juu kwa upinde unaofuata duara la bledi, na meno machache yachomoze. Anza na yale ya upande mmoja tu, ukiruka moja moja, mpaka umalize duara, ndipo ugeuze bledi. Jino la kulia libaki la kulia maisha yake yote. Chuma kilichopindwa huku kisha kikavutwa kule huchoka, nacho hukatika.

Vuta taratibu, pima, vuta tena. Ni bora kulifikia jino kwa mivuto miwili midogo kuliko kulipita na kulirudisha.

Sasa kipimo. Hiki hukinunui, unakitengeneza mwenyewe, nami naomba ukitengeneze kabla hujagusa jino hata moja. Tafuta kipande cha chuma bapa kilichonyooka sana, kirefu kama kidole cha kati na kidogo zaidi. Kihakikishe kwa kukiweka juu ya kioo cha dirisha. Kisicheze. Kisha chukua bledi kuukuu ya haksoo, ule msumeno wa mkono wa kukatia chuma, saga meno yake yote kwenye jiwe mpaka ibaki utepe laini, na ukate vipande viwili vidogo. Utepe huo una unene wa kama milimita 0.65. Vigandishe kwa gundi kali chini ya kile chuma, kimoja mwishoni na kingine katikati, viwe miguu miwili. Nusu ya mbele inabaki bila mguu.

Weka miguu hiyo kwenye uso wa bledi, upande ambao jino limeinamia, na nusu ya mbele ipite juu ya ncha ya jino. Bonyeza miguu kwa vidole viwili. Kama ncha imefika kipimo, chuma kitaigusa na kutulia. Kama imezidi, mguu wa mbele utanyanyuka na chuma kitacheza chini ya kidole, utakihisi mara moja. Kama haijafika, utaona mwanga baina ya ncha na chuma. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ujaribu kuipitisha penye mwanga. Karatasi moja ikipita kwa kubanwa, nakubali. Zikipita mbili, jino hilo nalivuta tena.

Nina kipimo cha pili cha aina hiyo hiyo, ila miguu yake nimeikata kwenye kadi kuukuu ya benki. Kadi hizo zote duniani hutengenezwa kwa unene mmoja, milimita 0.76. Hicho nakitoa wakati wa masika, Aprili mpaka Juni, mti unapofika kwetu umeloa. Mti mbichi au uliolowa hutoa nyuzi ndefu zinazojaa kwenye njia ya msumeno, tena mti hujifunga nyuma ya bledi, kwa hivyo unahitaji njia pana kidogo. Mvinje uliokauka na mwarubaini mkavu wapime kwa miguu ya haksoo. Ni miti migumu, haijifungi, na mpindo mkubwa kwao ni kuitesa mota tu.

Mwishoni pitisha kipimo kwenye meno yote kwa mara nyingine, upande huu na huu. Ndipo ushike tupa.

Tupa

Mafundi wengine hunoa kwanza halafu ndio wakapinda meno. Mimi sioni maana yake. Ukilipinda jino lililokwisha nolewa, makali uliyoyatengeneza yanageuka pembe yake, na mara nyingi chuma cha kupindia kinayagusa na kuyaumiza. Kitu cha mwisho kugusa ncha kiwe tupa.

Paka kalamu ya wino kwenye uso wa mbele wa kila jino na mgongoni. Piga tupa mara moja, kwa wepesi, uangalie wino umeondoka wapi. Ukiondoka ukingoni tu, umelaza tupa vibaya. Ukiondoka uso mzima, umeipata pembe ya kiwandani, nayo ndiyo ya kuifuata. Kwa bledi ya kukatia magogo kwa upana, meno hunolewa kwa mshazari, nyuzi 15 hivi, ncha kali ikiwa upande wa nje kule jino linakoelekea. Nyuzi zinazounda mti hukatwa kwa ile ncha ya nje kabla mbao ya katikati ya mkato haijatolewa. Ukilinoa jino la kukatia kwa mraba, kama la kupasulia mbao, litang'oa nyuzi badala ya kuzikata, na mwisho wa kuni utakuwa manyoya matupu.

Kata kabari ya mbao yenye pembe hiyo uiweke kando ya jino ikuongoze mkono. Kwa mkono mtupu pembe inabadilika polepole bila wewe kujua, na ukifika jino la ishirini unanoa kitu kingine kabisa.

Kuna jambo la pembe ya pili ambalo wengi hawalitazami. Nyoosha uzi kutoka katikati ya tundu mpaka kwenye ncha ya jino. Kwa bledi nyingi za kuni uso wa mbele wa jino hufuata uzi ule, au hurudi nyuma kidogo. Ukiwa unaegemea mbele kuupita uzi, jino limekuwa ndoana. Ndoana ni sawa kwa kupasua mbao kwa urefu, lakini ukikatia gogo la mviringo linaloweza kubingirika, hulinyakua na kulivuta pamoja na mkono wako. Anayepiga tupa chini ya jino kuliko juu hujitengenezea ndoana bila kukusudia.

Noa meno yaliyoinama mbali nawe. Tupa hukata ikisukumwa tu, ukiirudisha inyanyue. Sukuma kwa urefu wote wa tupa, kwa mkono uliotulia. Sasa tazama vile vibapa. Kila msukumo unavipunguza. Endelea mpaka kibapa kiwe mstari, mstari uwe uzi, na uzi upotee. Ulipopotea, acha, hata kama mkono wataka kuongeza. Msukumo mmoja zaidi na jino limekuwa fupi kuliko wenzake, na ule usawa wa jiwe umeuvunja. Fanya kazi hii penye mwanga unaotoka upande mmoja, asubuhi mlangoni ni pazuri. Makali butu hurudisha mwanga, makali kamili hayaonyeshi mng'ao wowote.

Sugua chaki kwenye tupa mara kwa mara ili chembe za chuma zisigande baina ya meno yake, na uzisafishe kwa brashi. Chembe iliyoganda huchora jino.

Kuijaribu

Rudisha bledi kwa alama za chaki, kaza nati, zungusha kwa mkono kwanza. Funga msumari kwenye ubao karibu kabisa na ukingo wa bledi uone kama nafasi inabadilika ikizunguka. Ikiyumba, fungua na usafishe sahani zile tena. Rudisha kinga. Washa ukiwa umesimama kando, kamwe si kwenye mstari wa bledi, uiache izunguke bila mti kwa dakika nzima.

Kata kijigogo kikavu cha mwarubaini, unene wa kifundo cha mkono. Usisukume, kipeleke tu. Kisha soma kilichotoka. Takataka zikiwa vipande vidogo vyenye umbo, bledi inakata. Zikiwa unga, inasaga. Uso wa kuni ukiwa na mfereji mmoja unaojirudia, kuna jino moja limezidi mpindo, litafute kwa kipimo. Mkato ukienda kulia, linganisha mpindo wa kulia na wa kushoto, halafu makali, kwa utaratibu huo. Alama za moto pande zote mbili maana yake mpindo ni mdogo, za upande mmoja maana yake upande huo umepungua.

Vinavyoua makali Mombasa

Sio mti wenyewe mara nyingi. Mwarubaini na miembe iliyokatwa mitaani ina misumari ya mabango na nyaya za kuanikia nguo ambazo mti umezimeza miaka mingi, na kwa nje huoni ila kovu. Penye kovu, pasua kwa shoka kwanza. Magogo yaliyoburutwa ufuoni yamejaa mchanga kwenye maganda, nao mchanga hula ncha kuliko mvinje. Yasugue kwa ufagio mgumu au uondoe ganda mahali pa kukata. Boriti kuukuu za mikoko zilizokaa majini huja na chaza zilizoganda upande wa chini, zigonge zote zitoke.

Mnazi ni habari nyingine. Sehemu yake ya nje ni ngumu sana na hufifisha bledi ya chuma haraka, ilhali ndani ni laini. Siku ya minazi naifanya ya minazi peke yake, kwa bledi niliyoitenga kwa kazi hiyo, na jioni yake napiga tupa. Baada ya Ramadhani, harusi zinapofuatana na wapishi wa pilau wanataka kuni kavu kwa wingi, bledi ya minazi haigusi mti mwingine.

Usingoje bledi iwe butu kabisa. Ukiona unaanza kusukuma gogo, toa, piga tupa msukumo mmoja au miwili kwa kila jino, kwa hesabu sawa, urudi kazini. Noa ndogo kama hizo kadhaa hupita kabla hujahitaji jiwe na kipimo cha mpindo tena.

Hewa ya chumvi ya hapa haichelewi. Bledi iliyosafishwa kwa mafuta ya taa ikalazwa wazi huanza kutu kwenye makali, pembamba kuliko pote. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya injini kisha iningʼinize, usiiegemeze ukutani ikabeba uzito wake kwa meno. Na ukiipeleka kwa fundi kwa bodaboda au tuktuk, chukua mpira kuukuu wa kumwagilia maji, upasue kwa urefu, uvishe ukingoni pande zote, ufunge kwa kamba kupitia kwenye tundu. Unamlinda aliyeketi karibu nawe kivukoni, na unazilinda ncha zisigongane na chuma cha kiti.